Kwa nini mchana wa Nairobi haurefuki, lakini jua huchelewa kuchomoza Februari na baridi huja Julai?

Mzazi wa Pangani (9 Februari)

Salaam kwenu nyote.

Binti yangu yuko Gredi ya Saba, na juma hili wamefundishwa mizunguko miwili ya Dunia: ule wa kujizungusha kwenye mhimili wake, unaoleta usiku na mchana, na ule wa kulizunguka Jua, unaokamilika kwa mwaka mmoja. Daftarini amechora mchoro ambao wengi wetu tuliuchora tukiwa shuleni, Jua likiwa katikati na Dunia ikionyeshwa mahali panne kandokando yake, mhimili ukiwa umeinama upande ule ule kila mahali. Chini ya mchoro ameandika kwamba mwinamo huo ndio unaosababisha majira, na ndio unaoufanya mchana urefuke na kufupika.

Alipomaliza kuchora akaniuliza mbona hayo yote hayaonekani hapa kwetu. Sikuwa na jibu. Sijawahi kuona mchana wa Nairobi ukirefuka Juni wala ukifupika Desemba. Baridi yetu hutushika Julai, mwezi ambao mchoro unasema ni wa joto huko kaskazini, nasi hatuko mbali na Ikweta kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kusini kabisa.

Tena kuna jambo ambalo mimi mwenyewe huliona kila mwaka na sijapata mtu wa kunieleza. Huwa tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi kwenda steji. Mwezi wa Novemba, wakati huo jua ndipo linapochomoza na barabara yote inaonekana vizuri. Mwezi huu wa Februari, wakati ule ule, taa za barabarani bado zinawaka na mtoto hushikwa mkono kuvuka barabara kwa sababu ya kiza. Ningesema mchana umefupika, lakini jioni nayo jua linachelewa kutua: siku hizi linazama saa moja kasoro dakika nane hivi, ilhali Novemba lilikuwa likizama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mchana haukupungua, umehama wote kwa pamoja.

Je, sababu ni umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua, ni mwinamo, au ni jambo jingine? Ningeomba maelezo ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuyafuata, lakini ambayo hayauachi ukweli nje kwa ajili ya kurahisisha mambo.

Mwalimu Mstaafu wa Jiografia (Kahawa)

Mama, nimefundisha mada hii kwa muda mrefu, na maswali ya binti yako ndiyo ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Kenya ayaulize, kwa hiyo nitajibu kwa urefu na kuwaachia wengine sehemu ya saa na ya baridi.

Mchoro wa daftarini ni sahihi, ila unawafaa zaidi watu wanaoishi mbali na Ikweta. Mhimili wa Dunia umeinama kwa nyuzi 23.4, ukilinganishwa na mstari uliosimama wima juu ya bapa la njia ambayo Dunia hupita ikilizunguka Jua. Jambo ambalo watoto wengi hulipita mbio ni kwamba mhimili huo haugeuki kuelekea huku na kule katika mwaka. Kuanzia Januari hadi Desemba, ncha yake ya kaskazini huelekea pale pale angani, karibu na nyota iitwayo Polaris. Dunia ndiyo inayohama kutoka upande mmoja wa Jua hadi upande wa pili, na kwa kuwa mwinamo unabaki vile vile, nusu ya kaskazini hujikuta imelielekea Jua mwezi wa Juni na kulipa kisogo mwezi wa Desemba, nayo nusu ya kusini hupata kinyume chake.

Wengi humu tuna ndugu Minneapolis kule Marekani, basi tuanzie huko. Mji huo uko latitudo ya nyuzi 45 kaskazini. Tarehe 21 Juni, jua la adhuhuri husimama huko kwenye kimo cha nyuzi 68 na nusu kutoka upeo wa macho, na mchana huchukua saa 15 na dakika 37. Tarehe 21 Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 21 na nusu hivi, na mchana wote ni saa 8 na dakika 46. Jua likiwa chini kiasi hicho, mwanga ambao lau ungeshuka wima ungeangukia mita moja ya mraba hutandazwa juu ya mita 2.7 za mraba, na kila kipande cha ardhi hupata sehemu ndogo tu ya joto. Mwanga hafifu kwa muda mfupi: hayo mawili kwa pamoja ndiyo yanayoleta theluji ambayo ndugu zetu hututumia picha zake.

Sasa njoo Nairobi. Sisi tuko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni jua letu la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 65. Tarehe 21 Desemba huwa upande wa kusini, kwenye kimo cha nyuzi 68. Tofauti ni nyuzi mbili na nusu tu. Ninapenda kuwaonyesha wanafunzi jambo linalofuata kutokana na hesabu hiyo, nalo ni kwamba mwezi wa Juni jua la adhuhuri husimama juu zaidi Minneapolis kuliko hapa kwetu. Urefu wa mchana nao haubadiliki sana: Juni ni saa 12 na dakika 3, na Desemba ni saa 12 na dakika 12. Dakika tisa zilizosambazwa katika miezi sita haziwezi kuonekana na mtu asiye na kipimo, na ndiyo maana hujawahi kuziona.

Binti yako atauliza kwa nini mwinamo haufanyi kazi kwenye Ikweta. Achukue chungwa, alifunge uzi katikati, alimulike kwa tochi ndani ya chumba chenye giza, kisha aliinamishe kidogo upande wa tochi na upande wa pili. Ataona kwamba sehemu ya juu na ya chini ya chungwa hupata mwanga kwa zamu, lakini uzi ule wa katikati siku zote nusu yake iko kwenye mwanga na nusu yake iko gizani. Mpaka wa nuru na giza ni duara linalopita katikati hasa ya Dunia, na Ikweta nayo ni duara la namna hiyo hiyo; maduara mawili ya aina hiyo yakikutana, kila moja hulikata mwenzake nusu kwa nusu, hata yainame vipi. Mtu aliyesimama kwenye Ikweta kwa hiyo hupata nusu ya mzunguko akiwa kwenye nuru, iwe Juni au Desemba. Zile dakika sita au saba zinazozidi saa 12 zinatokana na mambo mengine mawili: hewa huupinda mwanga wa jua na kutufanya tulione kabla halijafika kwenye upeo wa macho, na tunahesabu kuchomoza kuanzia ukingo wa juu wa jua unapojitokeza, si katikati yake.

Kitu ambacho mwinamo hufanya Nairobi, na ambacho mtoto anaweza kukiona kwa macho yake, ni kuhamisha jua kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Ukiwa na roshani inayotazama kaskazini, miezi ya Juni na Julai jua huingia ndani hadi kwenye kamba ya nguo, siku lisipozibwa na mawingu. Ifikapo Desemba roshani hiyo hiyo hukaa kivulini, na nguo za jirani mwenye roshani ya kusini ndizo zinazokauka mapema.

Kijana wa Umoja

Asante, mwalimu. Nimefuatilia yote, lakini bado kuna jambo linanitatiza. Ikiwa mwinamo hauleti tofauti kubwa hapa, basi baridi ya Julai haiwezi kutokana nao, na nimesoma kwamba mwanzoni mwa Julai Dunia huwa mbali zaidi na Jua. Kwa nini tusiseme wazi kwamba kwetu sisi ni umbali?

Mpimaji Ardhi (South B)

Ndugu, hoja yako ina uzito kuliko unavyodhani, ila haifiki mwisho wa safari.

Njia ya Dunia ni duaradufu kidogo. Karibu na tarehe 3 Januari tunakuwa kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai tunakuwa kilomita milioni 152. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mwanga unaoifikia Dunia Julai ni pungufu kwa takriban asilimia 7 kuliko ule wa Januari. Watu wengi hufundishwa kwamba umbali hauna maana yoyote katika majira, na kwa Ulaya au Marekani ni karibu kweli, maana wao hupata joto lao kali wakati ambapo Dunia iko mbali zaidi. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba umbali hautawali majira. Lakini kwa mtu wa Nairobi hesabu ni tofauti. Ukilinganisha jua la adhuhuri la Juni na la Desemba kwa pembe zile alizotaja mwalimu, mwinamo unaleta tofauti ya asilimia 2 tu. Kwa maana hiyo, hapa kwetu, kati ya miezi hiyo miwili, umbali unazidi mwinamo. Nadhani kitabu cha shule cha Kenya kingestahili kulisema hili, kwa sababu mtoto anaambiwa kanuni ya jumla ilhali anaishi mahali ambapo kanuni hiyo ina nguvu ndogo kuliko popote.

Hata hivyo asilimia 7 haitoshi kuieleza baridi ya Nairobi. Kama ingetosha, Kisumu nayo ingetetemeka Julai, kwa kuwa ina jua lile lile na umbali ule ule. Kisumu Julai watu wanavaa mashati mepesi. Urefu kutoka usawa wa bahari unachangia, maana Nairobi iko karibu mita 1,700 na Kisumu karibu mita 1,130, lakini urefu haubadiliki kati ya Februari na Julai, na joto letu la mchana hushuka kutoka nyuzi 26 hivi hadi 22 hivi. Lazima kuwe na kitu kinachokuja na kuondoka.

Binti wa Lamu (Eastleigh)

Shikamoo, mwalimu, na wengine nawasalimu. Kitu kinachokuja na kuondoka ni upepo wa kusi, na mawingu yanayoletwa nao.

Mimi nimekulia Lamu, ambako mtoto hujifunza kusi na kaskazi kabla hajajua jina la mwezi wa Kizungu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi ikitoka upande wa kaskazini-mashariki, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, na mwanzo au mwisho wake ndiyo iliyoyarudisha makwao. Wengi wanadhani pepo hizi ni habari ya pwani tu, lakini chanzo chake ni mwinamo ule ule wa mhimili mnaouzungumzia. Juni na Julai, nusu ya kaskazini ikiwa imelielekea Jua, nchi kavu ya Asia na ya Arabuni hupata joto jingi mno, hewa yake hupanda juu, na hewa nyingine huvutwa kutoka bahari ya kusini kuja kujaza nafasi hiyo. Huko kusini wakati huo ni majira ya baridi. Hewa inayotufikia, basi, imetoka kwenye bahari iliyopoa, na imebeba unyevu.

Hewa hiyo ikiondoka pwani hupanda taratibu kuja nyanda za juu. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kupoa, na ikifika huku unyevu wake umegeuka wingu. Juu ya wingu hilo huwa kuna tabaka la hewa kavu na yenye joto zaidi, ambalo hulizuia wingu lisipande na kuwa mvua kubwa. Matokeo yake ni lile blanketi la kijivu ambalo kila mkazi wa Nairobi analijua, jembamba, pana, linaloanza alfajiri na mara nyingi halifunguki hadi alasiri, na ambalo huleta manyunyu yasiyoweza hata kujaza ndoo. Jua lipo juu, nyuzi zake 65 zipo, mchana wa saa 12 upo, lakini mwanga haufiki chini. Magharibi mwa Bonde la Ufa blanketi hilo halifiki kwa namna hiyo, na ndiyo sababu Kisumu haina kipupwe kama chetu.

Mvua zetu nazo zimefungamana na mambo haya. Pale ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa hupanda na mvua hunyesha, na ukanda huo wa makutano hulifuata jua katika safari yake ya kwenda kaskazini na kurudi kusini, ukichelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa kwa kuwa nchi na bahari huchukua muda kupata joto. Jua hupita juu ya Kenya mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na ukanda hupita mara mbili vilevile. Machi huleta masika, yanayokolea Aprili. Septemba huleta vuli, zinazokolea Novemba. Mwinamo haugusi urefu wa mchana wetu, lakini ndio unaompa mkulima wa Kiambu misimu yake miwili ya kupanda.

Kuhusu saa, wanaoijua sababu waeleze, nami nitaongeza ushahidi mmoja. Ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini kwetu inaonyesha adhuhuri ikisogea kwa karibu nusu saa kati ya Novemba na Februari, na magharibi ikisogea pamoja nayo. Saumu ya Ramadhani, kwa upande mwingine, kwa mkazi wa Nairobi ina urefu ule ule karibu kila mwaka, iwe imeangukia Juni au Desemba, wakati ndugu zetu wa London hufunga mchana wa chini ya saa 8 ikiwa Desemba na wa zaidi ya saa 16 ikiwa Juni, bila kuhesabu alfajiri yenyewe.

Mzazi wa Pangani

Nawashukuru sana. Suala la chungwa tumelifanya jana usiku jikoni, na uzi ulikatwa nusu kwa nusu kama mwalimu alivyosema. Sehemu ya kusi nimemsomea mara mbili, na ameomba ramani ili aone njia ya upepo. Limebaki lile la kuchomoza kwa jua. Kama adhuhuri yenyewe inahama, ina maana saa zetu zina kasoro, au Dunia ndiyo isiyotulia?

Mpimaji Ardhi (South B)

Dunia hujizungusha kwa utulivu mkubwa, na saa hazina kasoro. Tatizo liko katika kuoanisha hivyo viwili na Jua, na hapa ningependa kwenda polepole kwa sababu ndipo watu wengi hukata tamaa.

Kwanza tuondoe jambo jepesi. Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia zote hutumia saa moja, iliyowekwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Nairobi iko nyuzi 36.8. Dunia hutumia dakika nne kwa kila nyuzi moja ya longitudo, kwa hiyo jua hufika juu kabisa ya mstari wetu wa kaskazini na kusini dakika 33 baada ya kufika kwenye nyuzi 45. Kwa wastani, basi, adhuhuri ya kweli ya Nairobi ni saa 6:33 mchana, na hilo halibadiliki mwaka mzima.

Kinachobadilika ni hiki. Dunia hukamilisha mzunguko mmoja wa kujizungusha kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ukiipima kwa nyota. Katika muda huo, hata hivyo, imeshasogea karibu nyuzi moja kwenye njia yake ya kulizunguka Jua, na kwa hiyo inabidi ijizungushe kidogo zaidi, kwa dakika nne hivi, ili Jua lirudi mahali pale pale angani. Laiti nyongeza hiyo ingekuwa sawa kila siku, adhuhuri isingehama hata kidogo. Haiwi sawa.

Sababu moja ni kasi. Johannes Kepler alieleza mwaka 1609 kwamba sayari huenda mbio zaidi inapokuwa karibu na Jua. Januari Dunia hukimbia kilomita 30.3 kwa sekunde, na Julai kilomita 29.3. Inapokimbia, husogea zaidi kwa siku moja, na nyongeza ya kujizungusha huwa kubwa zaidi.

Sababu ya pili ni mwinamo, ule ule wa daftari la binti yako. Njia ambayo Jua huonekana kuipita katikati ya nyota kwa mwaka mzima haiendi sambamba na Ikweta. Inaikata kwa nyuzi 23.4. Machi na Septemba, Jua linapovuka Ikweta, hatua yake ya kila siku huenda kwa mshazari, sehemu yake ikipotelea katika kupanda au kushuka, na ni sehemu inayobaki tu, ile ya kuelekea mashariki, inayohesabiwa kwenye saa. Juni na Desemba Jua limefika mwisho wa kupanda au wa kushuka, hatua yake yote huelekea mashariki, tena iko mbali na Ikweta mahali ambapo mistari ya saa, yaani ile ya kaskazini na kusini tunayohesabia saa, imekaribiana, kwa hiyo hatua ile ile huhesabiwa kuwa kubwa zaidi. Nyuzi moja ya safari huhesabiwa kama 0.92 wakati wa Machi na Septemba, na kama 1.09 wakati wa Juni na Desemba.

Desemba sababu zote mbili huvuta upande mmoja. Dunia inaenda mbio, na hatua ya Jua inahesabiwa kubwa. Kufikia mwishoni mwa mwezi huo, muda kutoka adhuhuri hadi adhuhuri huzidi saa 24 kwa sekunde 30 hivi. Mtu hawezi kuhisi sekunde 30, lakini zikirundikana siku baada ya siku, adhuhuri ya Nairobi inayokuwa saa 6:16 mchana mwanzoni mwa Novemba hujikuta imefika saa 6:47 karibu na tarehe 11 Februari. Adhuhuri ikisogea dakika 31, kuchomoza na kutua husogea nayo, kwa sababu urefu wa mchana kwetu umesimama. Ndiyo maana Novemba jua huchomoza saa 12:11 na kutua saa 12:21 jioni, na Februari huchomoza saa 12:42 na kutua saa 12:52. Baada ya hapo hurudi nyuma taratibu. Kuna msogeo mwingine mdogo wa dakika kumi kati ya Mei na Julai, kisha Septemba siku huwa fupi kuliko saa 24 kwa sekunde 20 hivi, na adhuhuri hukimbilia tena saa 6:16.

Msogeo huu uko duniani kote. Minneapolis wanao pia, dakika zile zile 31, ila kwao mchana hubadilika kwa karibu saa saba kati ya Juni na Desemba, na dakika 31 humezwa humo zisionekane. Kwetu sisi urefu wa mchana hubadilika kwa dakika tisa tu, na hakuna kitu cha kuufunika msogeo wa adhuhuri. Mkazi wa Ikweta huona wazi, akiwa njiani kwenda steji, jambo ambalo mkazi wa kaskazini lazima alitafute kwenye majedwali. Kwa hiyo mwambie binti yako kwamba mwinamo unaonekana Nairobi, na kwamba sehemu ya kiza anachokiona asubuhi hizi ni kazi yake.

Msomaji wa Kisumu

Nimejifunza mengi ambayo sikufundishwa. Nina wanafunzi wa kikundi cha sayansi, na ningependa wapime kivuli wenyewe kuliko kusoma habari zake tu. Vipimo vya Nairobi vitafaa huku? Na je, ni siku gani jua litakuwa juu ya vichwa vyetu barabara?

Mwalimu Mstaafu wa Jiografia (Kahawa)

Mwalimu mwenzangu, njia ya kupima ni ile ile, saa na tarehe ndizo zinazobadilika.

Tafuteni mahali tambarare palipo wazi, kama paa la zege ambalo watu huanikia nguo, na mhakikishe kwa pima maji kwamba hapajainama. Simamisheni fimbo nyoofu ya mita moja na kuilinganisha na timazi ya fundi pande mbili, kwa kuwa fimbo iliyolala hata kidogo itawaharibia kipimo chote. Kisha kuanzia nusu saa kabla ya adhuhuri ya kweli, wekeni alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na muandike saa kando ya kila alama. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri, na mstari wake utakuwa umelala kaskazini na kusini kwa usahihi unaozidi dira nyingi za simu. Nairobi, fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 46 kuelekea kusini tarehe 21 Juni, na cha sentimita 41 kuelekea kaskazini tarehe 21 Desemba.

Jua litakuwa wima juu ya Nairobi tarehe 17 Machi, karibu saa 6:41 mchana, na tena tarehe 26 Septemba, karibu saa 6:24. Mombasa, kwa kuwa iko nyuzi 4 kusini, hulipata mapema zaidi, tarehe 10 Machi hivi, saa 6:32. Ninyi wa Kisumu mko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo siku yenu ni tarehe 20 Machi, ile ile ambayo Jua linavuka Ikweta, na kwa kuwa mko magharibi yetu kwa nyuzi mbili, adhuhuri yenu huchelewa dakika nane nyuma ya Nairobi: tazameni kivuli saa 6:48. Anzeni siku moja kabla na muendelee hadi siku moja baada, kwa sababu Machi mawingu ya masika huenda yakawaziba. Fimbo ya mita moja, mkikosea kwa siku moja, itaonyesha kivuli kisichofika sentimita moja, na kipimo chenu kitakuwa bado kina faida.

Mama wa Pangani, kama paa lenu linaruhusu watoto kupanda wakiwa na mtu mzima, binti yako ana wiki tano za kutafuta fimbo na timazi. Akipata nafasi, apime pia juma hili, aone kama kivuli kifupi kuliko vyote kitaangukia saa 6:47.